Bahasha Kizingitini kwa Ngadiyo

Katika kitongoji cha Karangwatu, penye mawe mengi kuliko udongo, hapakuwa na mtu aliyejua kubana matumizi kama Ngadiyo. Yeye, mkewe Sukarti na binti yao Ratmi walikula ugali wa muhogo mkavu kwa majani ya mpapai, nao hawakujiona maskini. Siku walipopata mchele, maji ya kuoshea waliyapeleka zizini kwa ng'ombe wao mmoja. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa ada ya Ratmi ya chuo cha ualimu. Kila tonge walilojinyima lilikuwa limeingia tumboni mwake.

Asubuhi moja ya kiangazi ng'ombe alitetemeka, akaanguka, akafa. Damu nyeusi ilimtoka puani, wala haikuganda. Ngadiyo aliitambua. Mdogo wake, Wardi, alikufa baada ya kumchuna ng'ombe mwenye damu ya namna hiyo.

Majirani walikuja na visu na vikapu, kama ilivyo desturi: mnyama akifa, nyumba zote hugawana nyama, na kila moja humlipa mwenyewe kidogo, apate kununua ndama. Ngadiyo akawaambia warudi, atamfukia.

"Kaka, wewe unayeokota muhogo ulioanguka njiani, leo unataka kufukia ng'ombe mzima?" alisema Samijo, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Au umetajirika kimyakimya?"

Watu wakacheka.

"Ana ugonjwa uliomwua Wardi."

"Nyama ile tulikula wote. Mbona tupo?"

Sukarti akamvuta mumewe kando. "Baba Ratmi, wamekubali wenyewe kula na kulipa. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Ngadiyo alichukua jembe. Yeye na Ratmi walichimba hadi alasiri, wakamfukia na kummwagia chokaa.

Kulipokucha, Ngadiyo alikuta bahasha za pesa zimepangwa kizingitini, kila moja na jina la aliyeileta. Alikwenda shimoni, akalikuta wazi. Majirani zake hawakuwa wezi; walichukua nyama na kuilipia, kama desturi inavyotaka.

Aliporudi, Sukarti alikuwa amezikusanya bahasha mapajani.

"Ndama anapatikana," alisema kwa sauti ndogo.

Ratmi ndiye aliyezichukua mapajani mwa mama yake, moja moja, akampa baba.

Ngadiyo alizunguka nyumba kwa nyumba akizirudisha na kuwasihi wasile. Wengine walimwaga mchuzi mbele yake kwa hasira. Wengine walifunga mlango. Samijo alikuwa akifuta mikono.

"Ule ni mzoga, Samijo."

"Mungu anaijua hali yetu. Umechelewa, kaka, tumekwisha kula. Na bahasha yangu usinirudishie. Mimi sili cha mtu bure."

Kidole chake cha shahada kilikuwa na mkwaruzo wa kisu.

Siku ya nne mkwaruzo ule uligeuka kidonda cheusi kisichouma. Wiki iliyofuata walimzika. Ngadiyo alikwenda matangani na bahasha ile ile, haijafunguliwa, akamkabidhi mjane. Mjane aliipokea bila kumtazama.

Chuo kilipofunguliwa, Ratmi alikuwa juu ya mawe, akianika muhogo. Siku hiyo Sukarti aliazima mchele kidogo, pasipo kusema kwa nini. Aliuosha, akayabeba maji yake hadi zizini, akasimama mlangoni na ndoo mkononi. Kisha akayamwaga palepale, chini.