Mkwe Hakubweka

Juzi natoka shule hapa Kasulu mjini, nikapita kwenye geti jipya lililoandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu inayochuruzika. Nyuma yake kulikuwa na jibwa linabwekea kila kitu: pikipiki, kuku, upepo, mimi. Wenzangu wakasubiri niseme kitu cha kuchekesha, maana darasani kazi hiyo ni yangu. Sikusema. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Ngoja nikwambie wewe, najua hutanitangaza.

Kwetu Makere tulikuwa na mbwa wa mawindo aitwaye Mkwe. Mchumba wa shangazi alimleta kutoka Kibondo ndani ya kikapu, akiwa kitoto, siku aliyokuja kuposa. Bibi akamtazama mchumba, akamtazama mbwa, akasema, "Mkwe ni huyu. Huyo mwingine tutamchunguza kwanza." Jina likaganda.

Aina ile ukiiona huisahau. Manyoya mafupi, rangi ya udongo wetu ukishanyeshewa, kifua cheupe, masikio wima, mkia umejiviringa mgongoni. Paji la uso lina mikunjo, ungedhani anasahihisha mtihani wako na hajapendezwa. Na habweki. Habweki kabisa, hata umkanyage. Akifurahi sana alitoa sauti ya mwanakwaya aliyeanza ubeti akaghairi. Ndiyo maana alivikwa njuga shingoni. Njiani wawindaji waliiziba kwa majani isilie. Wakifika kwenye mahindi yaliyovamiwa na ndezi, wale panya wakubwa wa porini, wanayatoa majani. Ikilia polepole, ananusa. Ikichachamaa, kimbia na mkuki wako.

Babu na baba mdogo ndio waliowinda, lakini mbwa alikuwa wa bibi. Asubuhi alimlaza ubavu jikoni, akamkagua nyayo kidole kwa kidole kutafuta miiba. Mikwaruzo aliipaka mawese. Viroboto aliwamaliza kwa majivu, na jiko zima likapiga chafya. Ugali wake wa muhogo na mchuzi wa dagaa ulipozwa kwanza, kwa sababu, alisema, chakula cha moto kinaunguza pua. Sisi wajukuu tulikula wa moto, pua zetu shauri yetu. Mbwa aliitwa "mwana wanje", yaani mwanangu, kwa sauti laini; sisi tuliitwa mashetani. Na kamba ilikuwa mwiko. "Mbwa wa mawindo ukimfunga," alisema, "umeifunga miguu, umeufunga na moyo."

Haya. Nikiwa darasa la sita, babu akiwa ameshafariki, baba mdogo alitamani kuendesha lori la tajiri mmoja wa huku mjini, mwenye duka la saruji. Tajiri alikuwa anatafuta mbwa wa kulinda. Siku bibi alipokwenda kliniki, baba mdogo akampakia Mkwe kwenye pikipiki, akampeleka kama zawadi. "Huyu ameua nguruwe pori, bosi. Mwizi atamfanya kitafunwa."

Mtu aliyekula nyama iliyokamatwa na mbwa yule miaka yote! Alijua habweki! Alidhani nini, kwamba akifika mjini ataanza?

Wezi walikuja wiki hiyohiyo, wakabeba walichotaka. Mkwe, amefungwa mnyororo mlangoni, aliwatazama na mikunjo yake. Tajiri akaamua mbwa ni mvivu, akaagiza apigwe mpaka abweke. Wakampiga. Hakubweka. Wakaongeza.

Bibi aliposikia, alijifunga kitenge, akanishika mkono, tukapanda gari la asubuhi. Tajiri alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya duka.

"Shikamoo, bibi. Mmeniletea bubu."

"Marahaba. Mkuki ukishindwa kupika ugali, unaupiga?"

"Kijana wako alisema ni mkali."

"Kijana wangu ana mdomo, na mbwa wangu ana kazi. Umechukua mdomo wa mmoja ukauvika mwingine. Fungua mnyororo."

Akafungua, nadhani kwa sababu wateja walikuwa wameanza kucheka. Shingo ya Mkwe ilikuwa na kidonda cha kuzunguka. Alituona, lakini mkia haukujikunja, ulining'inia tu. Nyumbani bibi alipaka mawese, akapoza ugali, akaita mwana wanje. Ndezi walitafuna mahindi yetu hatua chache kutoka alipolala, naye hakuinua hata sikio. Kidonda kikaoza, mbwa akafa jikoni. Bibi hakufuga tena. Siku hizi majirani wote wana mbwa wa kelele, na watoto wa Makere hawajui kusimama kimya kwenye umande, pumzi umezishika, unasikiliza njuga ya mnyama usiyemwona.

Baba mdogo lori alilipata. Na kisa hiki amekifanya kichekesho. Sikukuu iliyopita alikisimulia tena mbele ya wageni, akiigiza wezi wakimwamkia mbwa, "Hujambo bubu?" Watu wakagaagaa. Kusema kweli anajua kusimulia. Pengine mimi nimerithi kwake, na hilo nalo linaniudhi. Akanigeukia.

"Oya, mchekeshaji wetu! Leo mbona hucheki?"

"Nasubiri umalizie, baba mdogo. Kila mwaka unaishia kwa wezi. Hujafika alipokufa."

Mgeni mmoja akaweka kijiko chini. Nikamwangalia bibi, nikingoja anikemee kwa kumvunjia mkubwa heshima.

Bibi alikuwa anamtazama baba mdogo. "Endelea basi," akamwambia. "Wageni wanasikiliza."