Saa Niliyoifungulia Lyulilo

Tangu niwaachie wanangu shamba la kakao, mchana wangu mwingi unapita nikisikiliza saa. Ninazo sita za mkononi, za Uswisi, zisizotumia betri. Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni rafiki yangu mwenye duka la vitambaa Mbugani, ambaye babu zake walitoka pwani. Kila alasiri tulifungua mifuniko ya nyuma ya saa, tukapokezana lenzi na kubishana kuhusu mashine: ipi inapiga taratibu, ipi ina vito vyekundu zaidi. Nikiweka jicho pale nilijiona naingia mji mdogo wa dhahabu usio na watu, ambamo kila gurudumu linamjua jirani yake.

Saa aliyoipenda kuliko zote aliachiwa na marehemu baba yake. Ilijijaza nguvu kwa mwendo wa mkono, hivyo alipokwenda kwa wakwe zake Malawi alinipa niivae, isisimame.

"Ivae tu, mzee mwenzangu. Usiifungue."

Niliivaa hadi Lyulilo, kwenye soko la vyungu kando ya ziwa, nilikokwenda kununua chungu. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, mwanga ukitoka juu na chini. Nikajiambia mwanga huu Mbugani haupo. Nikakaa mchangani, nikaifungua.

Sijui nilitazama kwa muda gani. Nilipoinua uso, lile wingu la wadudu wa ziwani, ambalo kwa mbali utadhani moshi, lilikuwa limeshanifunika. Nikarudisha mfuniko haraka, wadudu wamenijaa hadi puani. Siku ya tatu saa ikasimama.

Rafiki yangu aliporudi, aliishika, akaitikisa.

"Uliifungua?"

"Hata kidogo. Labda ni uzee wake."

Akavaa lenzi, akaifungua, akachomoa kwa kibano kitu chembamba kinachong'aa. Bawa.

"Na huyu mdudu," akauliza, "alipanda gari mwenyewe kuja Mbugani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikasema kweli.

"Kuifungua ningekusamehe hapo hapo," akasema. "Hata mimi ningeifungua."

Nikamsogezea kisanduku cha vifaa.

Aliisafisha, ikapona. Bado ananikaribisha, ananimiminia chai, namwambia ndaga, asante ya kwetu, tunabishana kuhusu mashine. Lakini nikiingia tu, anashusha mkono wa kanzu juu ya ile saa. Nikiinama kutazama nyingine naisikia ikipiga chini ya kitambaa, karibu kabisa na sikio langu. Siombi kuiona.