Muthoki na Dari ya Chumba Namba Tisa

Saa tatu asubuhi, Muthoki Kiilu anavua viatu mlangoni mwa chumba namba tisa. Anaviweka sambamba kwenye sakafu, anatandaza taulo safi juu ya mto, kisha anapanda kitandani na kulala chali. Mikono yake imetulia kifuani. Nje, lori linapunguza mwendo kuingia mji mdogo wa Sultan Hamud, na pazia linavuta pumzi na kuitoa.

Hasinzii. Macho yake yako wazi, yanatembea polepole darini kama mtu anayesoma barua ndefu. Baada ya dakika moja anashuka, ananyoosha shuka kwa viganja na kuandika neno moja kwenye daftari dogo: "Taa."

Watu wengine wakilala kazini hufukuzwa. Muthoki, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, akilala yuko kazini.

"Mwanzoni nilikuwa naona haya," anasema kwa sauti ambayo ni lazima uinamishe kichwa ndipo uisikie. "Nilikuwa nafunga mlango kwa ufunguo. Sasa siufungi."

Hoteli hii ni mojawapo ya tatu za kampuni ya Mwewe. Nyingine iko Kitui mjini, na ya tatu Machakos. Si hoteli za matajiri, wala si vyumba vya kulala madereva wa malori. Wanaolala humo ni wakaguzi wa shule, wauza dawa za mifugo, wachungaji wanaokwenda mikutanoni. Vitanda, mapazia na hata sabuni ni vya aina moja katika hoteli zote tatu, na kanuni kumi za wahudumu wa vyumba zimebandikwa ukutani katika kila stoo ya shuka.

Kanuni ya sita ilisema: mhudumu haketi wala halali kitandani mwa mgeni kwa sababu yoyote ile.

Muthoki aliitii kwa miaka mitatu. Alitandika vitanda kumi kwa siku, akapiga deki, akasugua masinki, na hakuwahi kuona chumba akiwa amelala. Nyumbani kwao Kathonzweni alilala juu ya ngozi, baadaye juu ya kitanda cha kamba. Aliacha shule darasa la sita mwaka wa 1984, wakati wa ile njaa ambayo watu wa Makueni waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku pesa ninazo mkononi.

"Sisi hata hizo za mkononi hatukuwa nazo," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Kampuni ya Mwewe ina desturi moja. Kila mwaka, kila hoteli humtuma mfanyakazi mmoja akalale siku mbili katika hoteli nyingine, kama mgeni kabisa, kisha arudi na ripoti. Majina huandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa ndani ya sufuria kubwa ya jikoni, na mpishi huchota kimoja. Mwaka huu wa 1989, mwezi wa Machi, alichota cha Muthoki.

Haikuwa safari ya kupumzika tu. Msimamizi wa vyumba alikuwa amestaafu mwezi wa Januari, na meneja, Bwana Ndolo, alikuwa ametangaza kwamba ripoti nzuri itampa aliyeiandika nafasi hiyo. Mshahara wa Muthoki ulikuwa shilingi mia saba na ishirini kwa mwezi. Wa msimamizi ulikuwa mia tisa na sitini, na tofauti hiyo, ikiwekwa kwa miezi michache, ingetosha kumnunulia mama yake tangi la maji.

Kalunde Mutiso, anayefanya kazi naye ghorofa moja, alikuwa na cheti cha kidato cha nne, na kabla ya kikaratasi kuchotwa kila mtu alijua kwamba nafasi ile ilikuwa ikimngoja yeye.

"Angalia dunia," Kalunde alisema siku ile mbele ya wote. "Darasa la sita linaenda kuandika ripoti, kidato cha nne kinabaki kupiga deki. Muthoki, andika tu 'kila kitu kilikuwa kizuri', halafu turudi kwa kazi."

Muthoki alikwenda Kitui na sanduku la kuazima. Mapokezi walimwita "mama", wakambebea sanduku. Alipofika chumbani hakujua akae wapi. Alikaa kwenye stuli hadi jioni.

Alipofungua bomba la maji ya moto, yalianza kutoka ya baridi. Akangoja. Maji yakaendelea kuingia shimoni, safi, bure. Muthoki hakuweza kuvumilia. Alichukua ndoo ya takataka, akaiosha, akaiweka chini ya bomba. Ilijaa, na maji ya moto bado hayajafika. Akatafuta chombo kingine.

"Mama yangu anachimba mchangani kwenye mto mkavu," anaeleza. "Anaenda asubuhi, anarudi saa sita na mtungi mmoja. Mimi siwezi kutazama maji yakipotea. Ningeota vibaya."

Hakuota vibaya. Alilala kwenye godoro laini, akatazama juu, na anasema ilikuwa kama kuelea. Aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika vyumba vyote alivyosafisha: dari. Taa ilikuwa ndani ya bakuli la kioo, na chini ya bakuli walijaa nondo waliokufa, weusi kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kichungi. Ukisimama, kioo kiling'aa. Ukilala, walikuwa juu ya uso wako.

Asubuhi alifanya kosa ambalo mhudumu wa vyumba peke yake angelifanya. Alitandika kitanda. Alikunja kona, akanyoosha mto, akafuta sinki, akapanga taulo. Kisha, aliposikia ufunguo mlangoni, aibu ya kuhudumiwa ikamshika na akajibanza kando ya kabati.

Aliyeingia ni Hasina Abdulkadir, mhudumu wa hoteli ile kwa miaka minane. Alitazama kitanda, akachukua karatasi yake ya kazi, akaanza kuandika kwamba chumba hakikulaliwa na shuka zisibadilishwe.

"Kimelaliwa," ikasema sauti kando ya kabati.

"Aiya! Mama, umenitoa roho!"

"Pole. Mimi si mama. Mimi ni wa vyumba, wa Sultan Hamud."

Hasina alimtazama juu hadi chini, kisha akaangua kicheko. "Wa vyumba! Ndiyo maana umenitandikia. Wataka nifutwe kazi, dada? Mgeni ajaye angelalia jasho lako! Na haya maji kwenye ndoo ni ya nani?"

"Ni yako. Ya kupiga deki. Yalikuwa yanapotea."

Hasina akaacha kucheka. Alisema baadaye kwamba katika miaka minane hakuna mgeni aliyewahi kumwachia kitu chenye manufaa zaidi.

Muthoki hajui ujasiri wa kusema maneno yaliyofuata ulitoka wapi. "Umewahi kulala hapo?"

"Mimi? Na kanuni ya sita?"

"Njoo uone kile mgeni anaona."

Hasina alifunga mlango. Akavua viatu, akavua na leso ya kiunoni, akaitandaza chini ya kichwa chake. Wanawake wawili wakalala chali saa nne ya asubuhi, bega kwa bega, katika chumba ambacho mmoja alikuwa amekisafisha karibu kila siku tangu mwana wake wa kwanza azaliwe. Mwanga wa jua uliopita kwenye pazia ulikuwa rangi ya uji wa wimbi.

"Ya Rabi," Hasina akanong'ona. "Hao wadudu wamekaa hapo miaka mingapi, na mimi nafuta miguu ya kitanda tu?"

"Wageni hawajawahi kukuambia?"

"Wageni wanaandika 'huduma nzuri' na kwenda zao."

Muthoki alirudi Sultan Hamud na fomu yenye maswali kumi na mawili. Sita alijaza siku ile ile. Swali la saba lilimkwamisha siku nne: je, mhudumu wa chumba alifuata kanuni zote? Ndiyo au la.

Angeandika "ndiyo", hakuna ambaye angejua. Lakini basi asingeweza kueleza walichokiona, na ripoti ingekuwa kama za miaka yote. Akiandika "la", Hasina angeweza kupoteza kazi. Ana watoto watatu. Na yeye mwenyewe alikuwa amemshawishi.

"Watu wenye elimu wanajua kuzungusha maneno," Muthoki anasema. "Mimi maneno yangu ni machache, hayatoshi kufichia kitu."

Siku ya tano aliomba kutumia simu ya mapokezi. Hasina alipoitwa na kuelezwa, aliomba asomewe swali hilo tena.

"Andika," Hasina alisema mwishowe. "Lakini andika pia kwamba nilivua viatu."

Ripoti husomwa mbele ya wafanyakazi wote katika chumba cha kulia, saa tisa alasiri, wakati hakuna wageni. Bwana Ndolo, mtu wa suruali yenye mkunjo mkali na shemasi wa kanisa, alivaa miwani na kusoma kama asomavyo matangazo ya Jumapili. Aliposoma mambo ya chakula na mapokezi, watu walipiga miayo. Alipofika swali la saba, akapunguza sauti.

Muthoki alikuwa ameandika hivi: "La. Mhudumu alilala kitandani kwa sababu mimi nilimwambia. Alivua viatu. Mimi pia nililala. Tuliona nondo ndani ya taa. Miaka yote tunasafisha chumba cha mtu aliyesimama, na mgeni analipa ili alale. Naomba kila mhudumu alale dakika moja kabla ya kufunga mlango. Na naomba ndoo moja kila bafu, kwa sababu ndoo moja na nusu ya maji inamwagika kabla ya maji ya moto kufika. Kama kuna makosa ni yangu."

Hakuna aliyepiga miayo. Kalunde, ambaye alikuwa amejiandaa kucheka, anasema alisahau kucheka.

Bwana Ndolo akavua miwani. Akaikunja. Akainuka, akapanda ngazi, na wote wakasikia mlango wa chumba namba tisa, ulio juu ya chumba cha kulia, ukifunguka. Kisha kitanda kikalia.

Walingoja. Mpishi alisema uji unaungua, lakini hakwenda kuuangalia.

Meneja alishuka na soksi, viatu mkononi, tai imepinda.

"Chumba namba tisa kuna buibui," akasema. "Mkubwa. Amekuwa akitutazama tangu lini?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Lakini Muthoki hakucheka. Ripoti ilipaswa kwenda makao makuu Nairobi, na huko ndiko Hasina angehukumiwa. Kwa wiki tatu hakula vizuri. Kila gari la barua liliposimama, alisimama pia, akiwa na shuka mkononi.

Barua ilifika Aprili. Hasina hakupewa onyo. Kanuni ya sita iliandikwa upya: kuketi bado ni marufuku, kulala kunaruhusiwa kwa dakika moja, viatu vikiwa vimevuliwa na kitambaa safi chini ya kichwa. Kila bafu lipewe ndoo. Na Muthoki Kiilu apewe usimamizi wa vyumba kwa miezi sita ya majaribio, kwa sharti kwamba ajiandikishe katika masomo ya watu wazima na kumaliza darasa la nane.

Kwa hiyo kila saa kumi alasiri, kabla ya kwenda darasani kwenye jengo la kanisa, Muthoki huketi katika stoo ya shuka na kitabu cha hesabu. Anayemfundisha ni Kalunde.

"Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mwaka mzima," Kalunde anasema huku akikunja foronya. "Sasa ninamfundisha sehemu na desimali. Wee Muthoki, saba mara nane ni ngapi? Usiangalie dari, haijaandikwa huko!"

"Hamsini na sita," Muthoki anajibu, taratibu, na bado anaangalia juu.

Ni mazoea sasa. Katika chumba namba tisa, buibui alipoondolewa pamoja na utando wake mpana, lilionekana doa ambalo maji ya mvua yaliliacha zamani, la kijivu, pana, lenye kingo laini. Muthoki alikuwa amepiga deki chini yake kwa miaka mitatu. Anasema alipoliona mara ya kwanza alirudi utotoni, kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba yao, ambako watoto walilala chali mwezi wa Oktoba wakitafuta wingu la kuaminika.

"Kwetu mtu mzima akilala chali mchana, si mvivu," anasema. "Anatafuta mvua."

Bwana Ndolo anataka dari ipakwe rangi. Muthoki, ambaye hajawahi kumwomba meneja kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe, alikwenda ofisini, akasimama mlangoni muda mrefu, akaomba fundi asubiri hadi Oktoba. Tangi la maji ataliagiza mwezi wa Septemba. Mwezi unaofuata, kabla ya kupanda mbegu, atamleta mama yake, Kasyoka, kutoka Kathonzweni alale usiku mmoja kwa bei ya wafanyakazi. Yeye ndiye atakayetandika.

Mama huyo, kama wenzake wengi wa umri wake, hulitazama wingu mara moja tu na kujua kama litanyesha au litapita.

"Nitamwambia avue viatu," Muthoki anasema, akifunga mlango wa namba tisa taratibu kana kwamba tayari kuna mtu amelala ndani. "Nitamwambia alale, asiharakishe. Halafu aniambie hilo la juu ni wingu la namna gani. Baada ya hapo wapake rangi."