Rupia ya Baba na Punje za Mchele

Baba yangu alikuwa sonara mjini Jinja, na sarafu za zamani alizinunua kwa mizani. Mtu alileta rupia za babu yake zimefungwa kwenye kitambaa, baba akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa, akazipima, akalipa kadiri ya uzito. Kichwa cha mfalme hakikuwa na bei, wala mwaka ulioandikwa. Rupia ziliyeyushwa zikawa bangili za maharusi. Senti zenye tundu katikati hazikuwa na fedha ndani, kwa hiyo alitupatia sisi watoto tutunge kwenye uzi.

Alipofariki, aliacha rupia moja tu, nami nikaiweka dukani kwangu Bugembe, ninakouza vitenge. Mwaka jana dereva mmoja wa lori, Mkenya, mteja wangu wa siku nyingi, aliiona akaniambia mambo yamebadilika. Siku hizi wanunuzi wanatazama mwaka, uadimu na jinsi sarafu ilivyochakaa. Unaweka picha kwenye simu, wao wanashindana bei. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye kundi la wauza vitu vya kale, na namba yangu chini yake.

Kesho yake asubuhi mwanamume akapiga.

"Mama, ile rupia usiuzie mtu. Inavuta mchele?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilishawahi kusikia uvumi huo, kwamba kuna sarafu za kale zenye nguvu, ukiweka mchele karibu punje zinazifuata, na kwamba wazungu huzinunua kwa mamilioni. Sikuamini. Lakini alipotaja bei, nilimuuliza nimpelekee wapi. Mume wangu nilimwambia naenda Mbale kufuata vitenge.

Bodaboda ilinishusha Nkoma, mtaa wa hukohuko Mbale, mbele ya nyumba yenye geti jeusi. Ndani walikuwa wawili: kijana mwenye funguo kiunoni, ndiye aliyenipigia, na mzee aliyevaa koti zito, jasho likimtoka. Nilisikia geti likifungwa nyuma yangu kwa kufuli.

"Zima simu," kijana akasema.

Waliweka rupia mezani juu ya kitambaa cheupe, wakaizungushia punje za mchele. Tukangoja. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, sikujua tumekaa muda gani. Mchele haukusogea.

"Umebadilisha," kijana akasema. "Ile ya kweli iko wapi?"

Alisema kwa Kiswahili kile cha amri, cha jeshini. Nilikuwa mtoto askari walipoingia dukani kwa baba wakisema vilevile, na baba akaweka mikono mezani, vidole vimekunjuliwa, waione. Nilijikuta nimeweka yangu mezani.

"Afande, ni hiyohiyo," nikasema, ingawa hakuwa na sare yoyote.

Akamwaga mkoba wangu sakafuni. "Hapa hutoki mpaka ile ya kweli ifike."

Niliwaza kwamba hakuna anayejua kwamba nimo nyumba hiyo, na aliyehakikisha hilo ni mimi mwenyewe. Nilianza kusoma dua kimoyomoyo, nikasahau katikati, nikaanza upya.

Mzee aliinama, akasogeza punje moja karibu na rupia kwa kidole. Akasogeza nyingine. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Nimeuza shamba la kahawa la marehemu baba. Ndugu zangu hawajui. Huyu aliniambia sarafu za kuvuta mchele zipo."

Hapo niliona kwamba hofu ilikuwa imemshika hata kuliko mimi.

"Mzee," nikasema, "baba yangu aliyeyusha rupia kama hizi maisha yake yote. Mama alipika wali nyumba hiyohiyo. Hatukuona punje ikitembea."

Mzee aliziacha zile punje. Kisha akaichukua rupia, akaniwekea kiganjani.

"Mfungulie."

"Mzee, huyu mama anadanganya."

"Nimesema mfungulie."

Kijana alichagua ufunguo polepole, makusudi. Nilitoka bila kuokota vitu vyangu vyote, nikatembea bila kujua njia mpaka nikaona barabara kuu. Nilipofungua ngumi, ukingo wa rupia ulikuwa umeniachia alama kwenye nyama. Yule mzee alibaki humo ndani na kijana. Sijui yaliyompata.

Yule dereva wa lori alinitafutia mnunuzi Nairobi, mkusanyaji wa kweli wa sarafu. Alitaka picha za pande zote mbili, halafu akauliza, "Nani aliisugua?"

"Baba."

"Angeiacha na weusi wake. Kusugua kumekata bei zaidi ya nusu."

Nilimuuzia bila kubishana. Nilitaka itoke nyumbani kwangu. Nikabadilisha namba ya simu, na mume wangu nikamweleza yote. Hakunigombeza, jambo lililoniogopesha zaidi. Mpaka leo, mwanamume nisiyemjua akisimama dukani akipapasa vitenge bila kuuliza bei, mimi husogea upande wa mlango.