Nilimfupishia mzee barua ya kaka kuhusu moto na sumaku, hadi leo inaniuma

Wakuu, za jioni. Hii sijapamba hata kidogo, maana mwenye aibu ni mimi mwenyewe.

Miaka ya tisini, soko huria ndo limechanganya, mtaa wa Igogo kila kona kibanda cha fundi redio. Kaka yangu Masunga alikuwa Ulaya anasomea fizikia.

Mzee wetu, mfugaji wa Buhongwa, hakujua kusoma. Msomaji wa barua ni mimi, nimemaliza form four, najiona mjanja kweli kweli.

Siku moja ikaja barua, kurasa tatu. Kaka anaeleza kazi yake: kuna gesi ya moto mkali mno, wanaizuia kwa sumaku ndani ya chombo, lengo siku moja ije itoe umeme. Ikilegea sehemu moja, yote inavurugika ghafla na kupiga kuta za chombo. Wao wanajaribu kupiga mawimbi ya redio pale pale palipolegea, kabla haijavurugika.

Wakuu, nilielewa. Si yote, ila nilielewa. Sema nilikuwa nawahi mpira.

Mzee akauliza, "Kazi yake anasemaje?"

"Mambo ya redio tu, baba."

"Redio? Kama hawa wa Igogo?"

Nikasema ndiyo, nikaondoka zangu. Pumbavu kabisa mimi!

Mzee aliyekuwa akimsifu Masunga kila mnada wa ng'ombe, akaacha kumtaja. Nikiuliza tumjibu nini, ananiambia, "Msalimie." Basi. Nami nikaona aibu kusahihisha, miaka miwili ikapita hivyo, mzee akafariki.

Kaka akaja msibani. Baba mdogo akamwuliza anafanya kazi gani huko.

"Baba mdogo, ng'ombe wakianza kusukumana kona moja ya zizi, unafanyaje?"

"Nawahi kona ile ile na mluzi, kabla hawajavunja zizi."

"Basi ndo kazi yangu. Ng'ombe wangu ni moto, mluzi wangu ni mawimbi ya redio."

Baba mdogo akapiga makofi. "Aisee, marehemu angelisikia hili!"

Nilitoka nje nikalia. Mzee kachunga maisha yake yote, angeelewa kuliko mimi.

Baadaye kaka akanifuata. "Hivi mzee nilimkosea nini?"

Nikamjibu, "Uzee tu, kaka."

Hata hapo nikafupisha.

Ukipewa maneno ya mtu, ndugu yangu, yafikishe yote, hata kama mpira umeanza. Kaka yupo, kastaafu, na humu huwa anapita. Nimfuate nimwambie, au nimwache asome hapa? Semeni, hata matusi nayapokea.