Nilivyofunga Kebo ya Klachi na Mama Mkwe

Mtu anayejua pikipiki atakwambia kubadilisha kebo ya klachi ni kazi ndogo. Ni kweli, ni ndogo, mradi mama mkwe wako asiwe kibarazani.

Wangu alikuwa amekuja kwetu Junda kutoka Kaloleni kwa ajili ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, akawa anatambua watu kwa sauti na vishindo vya miguu. Hospitali ilimpa siku ya kupasuliwa, na tuliambiwa wazi: asiyefika kabla ya saa tatu, nafasi yake hupewa mwingine, naye hurudi kwenye foleni ya miezi. Mke wangu alinyimwa ruhusa kiwandani Changamwe. Akampangia mamake tuktuk ya jirani, akatoka alfajiri roho juu.

Kwa nini si mimi wa kumpeleka? Kwetu sisi Wamijikenda, mkwe huheshimiwa kwa umbali. Simshiki mkono, siketi naye mkeka mmoja, na tukikutana njiani nampisha. Hata maneno tulikuwa tukiyapitisha kwa mke wangu. Asipokuwepo, mama alizungumza na paka.

"Paka wee, muulize huyo bwana kama chai ameshakunywa."

Nami nikamjibu paka kwamba nimekunywa, nashukuru. Paka mwenyewe hana habari, anajilamba.

Asubuhi ile nikaona niishughulikie pikipiki yangu ya kusambazia mikate. Klachi ilikuwa nzito kwa muda, hasa asubuhi. Nilipoichomoa kebo nikakuta nyuzi zake karibu zote zimekatika pale juu inapoingia usukanini, nikamshukuru Mungu kwamba haikunitupa katikati ya malori. Kebo mpya ilikuwa bado kwenye karatasi yake, simu ikalia. Alikuwa jirani. Mvua ya mchoo, ile ya msimu wa kusi, ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tuktuk yake imezama topeni, haitoki leo.

Nikachemka. Nikamlaumu jirani, nikailaumu mvua, nikailaumu kebo. Kisha nikamtangazia paka kwamba nitamwita mtu wa bodaboda pale stejini ampeleke mama.

"Paka, mwambie mimi sioni," mama akasema kutoka kibarazani. "Siwezi kupanda nyuma ya mtu nisiyemjua."

"Nyuma ya nani basi?" nikauliza, nikasahau hata kumtaja paka.

Akauliza kazi yangu imebaki nini.

Nikaharakisha. Nikachukua chupa ya uto, yale mafuta ya nazi anayotupikia yeye mwenyewe, nitie kidogo ndani ya kebo mpya kama nilivyozoea. Bawaba za mlango, cherehani, nywele za watoto, nyumbani kwetu kila kitu hupata uto. Harufu ikamfikia.

"Huo uto wangu wautia wapi?"

Nikamweleza.

"Ee jamani! Baridi hii ya kusi, uto si waganda hata chupani? Humo utakosaje kuganda?"

Nikaiokota kebo ya zamani, nikaikamua. Ikatoa utando mweupe mzito, umechanganyika na vumbi na kutu. Kumbe miaka yote nilikuwa nikiipa dawa inayoiua. Nikacheka, naye akacheka, nikatia oili ya injini.

Kuipitisha kebo nyuma ya taa hakukunisumbua. Kuinasa ndiyo ilikuwa shughuli. Nikinasa ncha ya chini kwenye injini, ya juu inachomoka usukanini. Nikirudisha ya juu, ya chini inaachia. Ilikuwa kazi ya watu wawili, na saa zinakwenda. Nilikuwa natukana kimoyomoyo nilipomwona mama ameshuka kibarazani, anapapasa ukuta, mpaka akaufikia usukani.

"Nishike wapi?"

Nikamwelekeza kwa maneno tu, maana sikuthubutu kumgusa hata kidole. Kushoto kidogo. Hapo. Sukuma ndani, usiachie. Vidole vilivyosuka makuti maisha yake yote vikaibana kebo, na nilipovuta kule chini nikaisikia nguvu yake imefika mpaka mkononi mwangu. Ncha ikaingia. Akaminya klachi, akaachia, akaminya tena.

"Imelegea."

Nikazungusha nati.

"Sasa imekaa," akasema.

Nikamuuliza tena kama nimwite mtu wa stejini.

"Wa nini? Hii nimeifunga kwa mikono yangu."

Akavaa helmeti yangu juu ya leso, akaweka furushi lake kati yetu ili heshima ibaki, akashika chuma cha nyuma. Tulipoteremka kwenye tope pikipiki ikayumba, na mkono wake ukaja begani mwangu. Nikangoja auondoe. Hakuuondoa mpaka hospitalini, na jina lake likaitwa kabla hajakaa benchini. Barabara ile nimeilaani mara nyingi, lakini kwa siku ile naishukuru.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, alimtazama binti yake kwanza, akamshika mashavu, wakalia wote wawili. Kisha akanigeukia. Nikainamisha uso, kama inavyopasa mbele ya mkwe.

"Inua uso," akaniambia. "Nataka nimwone aliyenileta."

Nikauinua, machozi yananitoka, naye akanitazama mpaka akatosheka.