Mama Aliyehamishia Nyumba Yake Makumbushoni

Kwanza ijulikane kwamba mimi ni mtu wa utaratibu. Katika makumbusho yetu madogo hapa Eldoret, kazi yangu ni kuandika lebo na kuhakikisha kila kitu kimekaa mahali pake. Nikikuta kitu kisicho na lebo, damu inanichemka. Mwenzangu, mama aliyekuwa akitembeza wageni, hakuwa na habari na lebo. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sikumbuki wiki hata moja tuliyoimaliza bila kugombana. Wala sikumbuki siku niliyofika kazini nisimtafute kwa macho kabla hata sijavua koti.

Alikuwa na mtindo wake. Hakueleza chochote kabla ya kila mgeni kuona kitu kinachofanana na cha kwao. Aliwasimamisha mlangoni, mikono kiunoni, akawaambia, "Zungukeni kwanza. Kila mtu aniletee habari ya kitu ya kwao." Mwenye duka ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri aliona kiondo, akaanza kusimulia habari za nyanya yake. Mkulima aliona kibuyu cha maziwa akacheka peke yake. Wageni ndio walioeleza, yeye akiuliza maswali na kupiga makofi, na saa nzima ingeisha bila mtu kusoma lebo yangu hata moja. Iliniuma, sitaficha.

Shida ilikuwa wale waliokosa kitu. Siku moja lilikuja darasa la watoto kutoka Langas. Msichana mmoja alizunguka chumba kizima akarudi na kusema kwao hakuna vitu kama hivi, kwao kuna koroboi tu. Wenzake wakamcheka. Kesho yake asubuhi nikakuta koroboi imekaa katikati ya mikuki, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Iko hapo kitambo. Ni wewe huangaliangi vizuri."

"Mama, haina lebo!"

"Si hiyo ndiyo kazi yako? Andika."

Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa tena, akairudisha pamoja na pasi ya makaa kando yake. Kisha kikaja kigoda, ikaja sufuria yenye kiraka, na mwisho ikaja redio kubwa ya kijani, mkono wake wa kubebea umefungwa kwa waya. Hiyo redio ndiyo iliyonishinda. Wanafunzi wa chuo waliotoka Kesses walipiga picha nayo. Watu wazima walisimama mbele yake wakabishana kuhusu vipindi vya salamu na matangazo ya mpira, watu wasiojuana kabisa, wakaondoka wamepeana namba za simu. Nikaandika lebo. Mama alipoiona alinikumbatia mbele ya wageni, na mimi si mtu wa kukumbatiwa.

Nilidhani vitu hivyo alikuwa akiviokota sokoni. Sikuwahi kumuuliza. Mumewe nilijua tu kwamba ni mkulima huko Soy, na kwamba ng'ombe hawakuwahi kumpa ruhusa ya kuja kuona mke wake anafanya kazi gani.

Mama alipofariki, baada ya ugonjwa mfupi, niliombwa niseme machache kwenye mazishi kwa niaba yetu wafanyakazi. Niliandika hotuba nzuri, yenye mpangilio. Nilipoliona jeneza, karatasi ikanishinda kusoma. Basi nikaanza tu kusimulia jinsi tulivyogombana. Nilipotaja koroboi, watu wakatabasamu. Nilipotaja pasi, mama mmoja aliyekaa mbele akashika mdomo. Nilipofika kwenye redio, mzee mwenyewe, mume wa marehemu, akasimama.

"Ati redio ya kijani? Imefungwa na waya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nimelaumu shemeji yangu miaka hii yote!"

Katika viti vya nyuma mwanamume mmoja aliruka juu, mikono yote miwili hewani. "Mungu yuko! Si nilisema? Si nilisema mimi sikuchukua?" Hema zima likaangua kicheko. Mchungaji alijaribu kujizuia, akashindwa, akajifuta macho kwa tai. Sijawahi kuona mazishi ya namna ile, na nina hakika mama angeyapenda.

Lakini tulipokwisha kuzika, mzee alinishika mkono wala hakuwa anacheka. "Jumanne nakuja kuchukua redio yangu," akasema.

Ilikuwa haki yake. Hata hivyo Jumatatu sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilikitazama kile chumba nikawaza: ikienda redio, itafuata pasi, kitafuata kigoda, na mimi nitabaki na chumba kilichopangika sawasawa, kama nilivyotaka siku zote. Sasa sikukitaka tena. Nilimtaka mama na fujo zake. Nikaifunga redio kwa magazeti, nikaiweka juu ya meza, nikalia.

Mzee alifika na suti ile ile ya mazishi. Akaangalia lile furushi.

"Mbona umeifunga?"

"Si umekuja kuichukua, Mzee?"

"Nilikuwa na hasira. Rudisha mahali aliweka." Akaingiza mkono mfukoni akatoa betri mpya kabisa. "Nimenunua mawe. Redio haiwezi kukaa hapa kama bubu, watu watafikiri ilikuwa mbovu."

Kanuni ninaijua, kwa sababu niliiandika mimi: hakuna chombo cha maonyesho kinachowashwa. Mzee akatia betri, akazungusha kitufe. Kwanza ilikwaruza, halafu wimbo wa rumba ukajaa chumbani. Wageni waliokuwa nje wakaingia mbio, mmoja akaanza kutikisa mabega.

Mzee alisimama ameinamisha kichwa karibu na spika, akitabasamu.

"Nikitoka kukamua nilikuwa namkuta jikoni anacheza na hii," akasema. "Nasimama nje na ndoo yangu, namwangalia mpaka wimbo iishe. Alikuwa anafikiri simwoni."

Nikanyoosha mkono nikaongeza sauti.